Mnyoo Yule Alikuwa Wangu

Siku aliyoanguka mara ya kwanza tulikuwa tunapika uji wa kijiji kizima. Ilikuwa zamu yetu wawili, mimi na jirani yangu, mwanamke niliyemwita dada kwa sababu alinizidi miaka mitatu minne na kwa sababu sikuwa na dada mwingine. Watu wote walikuwa kwenye palizi ya mahindi ya shamba la ujamaa, na sisi tulikuwa chini ya banda la nyasi pembeni mwa shamba. Mimi nilikuwa nakoroga. Yeye alikuwa ameinama anasukuma kuni kati ya mafiga. Nikasikia mlio kama wa mtu aliyepaliwa. Nilipogeuka, mkono wake wa kulia ulikuwa unatikisika peke yake, na yeye alikuwa anautazama kama mkono wa mtu mwingine. Halafu shingo ikaenda upande, macho yakapanda juu, akaangukia motoni.

Nilimshika miguu nikamvuta. Sufuria ikapinduka. Ninachokikumbuka vizuri si uso wake. Nakumbuka uji ulivyotambaa juu ya mchanga, ukafunika majani, ukaingia kwenye shimo la siafu. Waliokuwa karibu walikuja mbio, lakini walipoona povu mdomoni mwake wakasimama mbali. Siku hizo watu waliamini kwamba mate ya mwenye kifafa yakikugusa, nawe umekipata. Nikakaa chini peke yangu, nikamshika kichwa kisigonge jiwe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungua kuanzia kiwiko mpaka kiganja.

Alipozinduka aliniuliza, "Uji umeiva?"

Nikamwambia umemwagika.

"Wote?"

"Wote."

Akafumba macho tena.

Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya mkonge, upande wa Korogwe. Baba yangu alikuja kama manamba kutoka nyanda za juu kusini, mkataba wake ukaisha, akatia saini mwingine, na mwingine, mpaka akazikwa huku huku. Uhuru ulinikuta kambini nikiwa msichana mdogo. Watu waliimba siku ile, na kesho yake king'ora cha kiwanda kikalia saa ile ile ya kila siku. Nyuma ya nyumba zetu za mistari watu wa kwetu walifuga nguruwe. Hawakufungiwa. Walizurura kwenye majani, na vyoo vilikuwa vichache, watu wakienda haja huko huko kwenye mistari ya mkonge. Krismasi na Pasaka tulichinja. Ndiyo nyama tuliyoijua kama nyama ya sikukuu.

Niliolewa na kijana wa kambi ile ile. Bei ya mkonge ilipoanguka wakataji wengi walipunguzwa, na mume wangu akawa mmoja wao. Tukahamia kijiji kipya cha ujamaa upande wa Handeni, tukapewa kiwanja na eneo la kulima. Wenyeji wa pale walikuwa Wazigua, Waislamu karibu wote. Hakuna aliyetuambia tusilete nguruwe, ila tulijua wenyewe, na hatukuleta. Nilikula tu nilipokwenda kumwona mama yangu, aliyebaki kambini.

Miezi ya mwanzo wanawake hawakula chakula changu. Hawakusema neno. Kwenye zamu za kupika nilipewa kuchota maji na kupasua kuni, na ikifika kusonga ugali mtu mwingine anauchukua mwiko. Siku moja jirani yangu alikuja nyumbani kwangu, akanikuta na mume wangu tunakula. Akanawa, akaketi, akakata tonge. Jioni ile ile aliwaambia wenzake kisimani, mimi nikiwepo, "Nimekula kwake. Ugali ni ugali." Baada ya hapo wakaniachia mwiko. Watu walimheshimu kwa sababu yake mwenyewe, na pia kwa sababu mumewe ndiye aliyeadhini kwenye msikiti wetu wa udongo.

Kitu alichokipenda sana kwangu kilikuwa togwa. Nilijifunza kwa mama. Unapika uji mzito, unauacha upoe, unatia unga wa kimea, unauvuruga kwa mkono mpaka mabonge yaishe, unaufunika. Kesho yake ni mtamu. Alikuja na kata yake, anachota, anakunywa amesimama, anachota tena. Ilikwenda hivyo kwa miaka.

Sasa niseme jambo ambalo wakati ule sikulisema. Nilikuwa naona vipande vyeupe chooni. Bapa, kama utepe uliokatwakatwa, vingine vidogo kama mbegu za boga. Havikuniuma. Nilitafuna mbegu za maboga mbichi, vikapotea majuma mawili, vikarudi. Nikazoea. Minyoo ilikuwa kitu cha kila mtu, hakuna aliyekwenda kuitangaza. Choo chetu kilikuwa kifupi, na masika moja kikajaa maji na kubomoka. Mume wangu akasema atachimba kingine, hakuchimba upesi, tukawa tunakwenda porini. Maji yalikuwa mbali, na mtu aliyabeba akijua kila kata itakwenda wapi. Sabuni ilipatikana na kukosekana, mara nyingi kukosekana. Tulinawa kwa maji machache, na ilipokuwa lazima tukasugua kwa majivu.

Baada ya ile siku ya uji, dada alianguka tena mwezi uliofuata, akiwa anafagia. Halafu mara mbili kwa mwezi. Kichwa kilimuuma mpaka akalala na kanga imemfunga paji la uso. Akaanza kusahau majina ya vitu. Siku moja alitaka kata akasema, "Nipe kile cha kuchotea." Nikampa. Sikuuliza.

Mumewe alihangaika. Aliandikiwa kombe, aya zikaoshwa kwa maji ya waridi, dada akanywa. Ndugu wa mume wakasema ni pepo, akaletwa mganga, ngoma ikapigwa siku tatu. Akaanguka siku ya pili ya ngoma, na mganga akasema ndiye pepo anajitokeza. Baada ya mganga kuondoka, akaendelea kuanguka.

Tulikuwa tunafua kwenye lambo aliponiambia, "Hebu shika hapa." Akapandisha mkono wa gauni. Chini ya ngozi, juu ya kiwiko, kulikuwa na kitu kigumu kama punje ya kunde. Nikakisukuma kikateleza. Kulikuwa na kingine ubavuni, na kingine mgongoni alikokuwa hafikii. Nilihesabu sita.

"Vinauma?"

"Haviumi. Mimi mwenyewe siumwi popote isipokuwa kichwa."

Nilikwenda kwa mumewe nikamwomba ampeleke hospitali. Alifikiri siku chache, akakubali. Nikaenda nao, kwa sababu mgonjwa wa kike alihitaji mtu wa kumpikia na kumfulia. Tulipanda lori la ushirika lililokuwa likirudi Korogwe tupu, dada akakaa mbele na dereva, sisi nyuma juu ya magunia matupu. Mumewe hakusema kitu njia nzima isipokuwa, "Jua kali," na mimi nikasema, "Kali kweli."

Daktari alikuwa mtu mwembamba aliyezungumza polepole. Alimpapasa mikono, akapima mapaja, akauliza maswali mengi kuhusu kuanguka. Akamchoma dawa ya ganzi mkononi, akapasua kidogo, akatoa ile punje. Nilikuwa nimesimama karibu. Ilikuwa kama lulu ya maji, ndani yake kuna kidoa cheupe. Akaitia kwenye chupa, akaondoka nayo. Kesho yake dada alipigwa picha ya paja. Daktari akaja kitandani akiwa ameishika ile picha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya nyama ya paja kulikuwa na alama nyeupe zimelala upande mmoja, kama mtu amemwaga mpunga.

Akamwambia mume, "Ndugu, huyu hana pepo, na kifafa hiki hakukirithi. Ni mnyoo. Watoto wa mnyoo wamejifungia kwenye vifuko, hapa mkononi, hapa pajani, na kwa anavyoanguka, nina hakika na kwenye ubongo. Tunamwita tegu wa nguruwe."

"Wa nini?"

"Tegu wa nguruwe. Subiri nikueleze."

Hakusubiri. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akachukua kofia yake iliyokuwa kwenye ukingo wa kitanda, akatoka. Tulimwona dirishani akivuka uwanja. Alipanda gari la mchana huo huo.

Daktari akabaki ameshika picha. Akamuuliza dada, "Umewahi kula nguruwe?"

"Sijawahi."

"Nakuamini. Na hata ungekula, ugonjwa huu wa kichwani hauji hivyo. Anayekula nguruwe asiyeiva anapata mnyoo mrefu tumboni. Mnyoo yule anataga mayai, mayai yanatoka na choo. Sasa mtu mwingine akiyameza yale mayai, yakiwa kwenye maji, au mboga mbichi, au mikono ya mpishi, ndipo yanapopanda kwenye damu na kufika huku. Nguruwe naye anaupata vivyo hivyo, kwa kula choo cha mtu."

Dada akasema, "Kwa hiyo nimekula choo cha mtu."

"Tuseme mikono ya mtu," daktari akasema.

Akatuletea vikopo viwili vya kutilia choo, kimoja cha dada na kimoja changu. Aliuliza pia nani mwingine anaishi karibu naye. Majibu yalipotoka hakuja kitandani. Alimtuma nesi aniite, akanipokea ukumbini karibu na mlango wa maabara.

"Unakula nguruwe?"

"Krismasi na Pasaka. Kwa mama."

"Unaona vipande chooni?"

"Naona."

"Tangu lini?"

"Miaka."

"Huko kijijini mnapika pamoja?"

"Tunapika pamoja."

Akaandika. Kalamu yake ilikuwa inakwama, akawa anaitikisa na kuandika tena. "Choo chake hakina kitu," akasema. "Chako kina mayai. Siwezi kukwambia kwa yakini kwamba ni wewe. Lakini sioni mwingine. Hukukusudia."

"Najua," nikasema. Sikujua nilikuwa namaanisha nini.

Alinipapasa mikono, akasema haoni kinundu. Akanipa vidonge vikubwa vya kutafuna kabla ya kula, vyenye ladha ya chokaa, na baada yake chumvi ya haluli ya kuharisha kwenye glasi ya maji. Mchana ule nilikaa kwenye beseni nyuma ya wodi, nesi akiwa amesimama mlangoni amenigeuzia mgongo. Ulitoka utepe mrefu, mweupe, umejikunja kama uzi uliofumuliwa. Nesi akauangalia, akasema lazima tuhakikishe kichwa kimetoka. Akautafuta kwa kijiti. Mimi nilitazama ukuta. Ulikuwa umepakwa rangi ya kijani nusu, na juu chokaa. Nilitegemea nitahisi kichefuchefu au aibu. Sikuhisi chochote.

Niliporudi kitandani dada akauliza, "Kakuitia nini?"

"Nina minyoo. Kanipa dawa."

"Afadhali," akasema. "Mmoja wetu anapona."

Alimaanisha vizuri. Nikakunja kanga yake, nikaiweka kwenye mto.

Kuhusu ubongo daktari alisema dawa ya kuvitoa vile vifuko hana, na hajui aliye nayo. Alimpa vidonge vidogo vyeupe vya kuzuia kuanguka, ameze kila siku maisha yake yote, asiache hata akijisikia mzima. Tulikaa majuma mawili. Hakuanguka. Tukarudi.

Habari ilikuwa imetutangulia. Mumewe hakuwa mtu wa maneno mengi, naamini alimweleza mama yake tu. Ilitosha. Watu walikumbuka kwamba mwaka baba yangu alipofariki dada alifuatana nami kambini, akalala siku nne msibani. Wakasema huko ndiko alikokula. Hawakunilaumu mimi, kwa sababu mimi dini yangu iliniruhusu. Walimlaumu yeye. Mke wa muadhini.

Mume alimtaka aape. Dada akatia udhu, akaweka mkono juu ya msahafu, akaapa mbele ya mashemeji zake kwamba nguruwe haijapita mdomoni mwake. Wakaitikia, lakini mmoja akasema, "Mbona hospitali imeonyesha?" Hakukuwa na talaka. Aliambiwa aende kwao akapumzike. Kwao ni Chanika, pale Handeni mjini, kwa mama yake mjane. Binti yao wa pekee, wa miaka kama saba, akabaki kwa bibi mzaa baba.

Asubuhi ya kuondoka alipita kwangu na mzigo wake kichwani.

"Wewe ulikuwepo daktari aliposema," akaniambia. "Waambie."

"Nitawaambia."

Nilijaribu. Kisimani niliwaambia wanawake wawili watatu kwamba daktari alieleza, si lazima mtu ale nguruwe, mnyoo unaweza kutoka kwa mtu mwingine. Mmoja akauliza, wala si kwa ubaya, "Basi ulitoka kwa nani?"

Nikasema sijui.

Nilimweleza mume wangu kila kitu. Alikuwa ananoa panga, akaendelea kunoa. "Nyamaza," akasema. "Sisi hapa ni wageni. Yeye ana kwao. Wakitufukuza sisi tunakwenda wapi, kambini?" Hakuwa mtu mbaya. Juma lile alichimba choo kirefu, akakifunika kwa magogo na udongo, akaweka na mlango wa mabua. Niliacha kutengeneza togwa. Nilipopangiwa zamu ya jikoni nilisema mgongo unaniuma, nikapewa kupalilia. Nilipalilia. Yalikuwa masika yenye mvua haba. Nililima, nikalala, nikaamka. Mume wangu alisema chakula kimezidi chumvi, siku nyingine akasema hakina chumvi, na mimi sikuweza kutofautisha. Nilifikiri huzuni itakuja, nikawa naingoja kama mtu anayengoja gari. Haikuja.

Kilichonitoa ni yule mtoto. Alipita mbele ya nyumba yangu anatoka kuchota maji, akatua ndoo apumzike. Nikamsalimia. Akaitikia vizuri, "Shikamoo mama," halafu akaniuliza, kama anavyouliza njia, "Eti mimi ni mtoto wa nguruwe?"

"Nani kakwambia?"

"Wenzangu shuleni."

Nilimwambia hapana. Akasema, "Haya," akajitwika ndoo akaenda.

Sikumwambia mume wangu. Nilikwenda moja kwa moja shambani kwa baba yake. Alikuwa anang'oa visiki. Nikasimama kwenye mpaka.

"Hodi shemeji."

"Karibu."

"Nina neno."

Akasimama, akajifuta jasho kwa kofia. Nilikuwa nimepanga jinsi ya kuanza, mambo ya mayai na mikono. Yote yalinitoka. Nikasema, "Mnyoo yule alikuwa wangu. Nilipimwa kule Korogwe, ukaonekana kwangu. Mkeo ameupata kwa mikono yangu. Yeye hakula kitu."

Aliangalia mikono yangu. Nami nikaiangalia.

"Tangu hospitali unajua?"

"Tangu hospitali."

"Nimemwapisha msahafu."

"Najua."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akaketi juu ya kisiki. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi je? Na mtoto? Sisi sote tulikunywa ile togwa yako." Nikamwambia sijui, nadhani wapimwe. Nikamwambia mimi nimekunywa dawa, hauko tena. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, ni kama mtu anayejaribu kutoa maji sikioni. Kisha akasema, "Utayasema haya mbele ya watu?"

"Nitasema."

Aliyapeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, na Jumamosi ukaitishwa mkutano kwenye uwanja wa ofisi. Kulikuwa na mambo mengine, mbolea na zamu za ulinzi wa ngedere, jambo langu likawa la nne. Nilisimama. Nilisema kwa maneno machache kama niliyomwambia shemeji, nikaongeza alivyoeleza daktari. Sauti yangu ilitoka sawasawa, kama ninasoma. Mwanamke mmoja mzee aliinuka akatoka, akifuta midomo kwa ukaya wake wa kichwani. Mwenyekiti akauliza, "Daktari alisema kinga yake nini?" Nikasema choo, na kunawa kwa sabuni, na kuivisha nyama. Akatangaza kila nyumba iwe na choo kirefu kabla ya mwezi kuisha, atapita mwenyewe na balozi wa nyumba kumi. Kisha akaendelea na jambo la tano.

Hawakutufukuza. Hawakututukana. Mume wangu hakuzungumza nami siku tatu, halafu akazungumza. Jikoni sikurudi, wala sikuitwa. Baada ya miezi walikuja watu wa afya kutoka wilayani na vikopo, wakapima watu wengi. Muadhini na bintiye hawakukutwa na kitu. Wengine wawili walionekana na tegu, mmoja mtu mzima aliyefanya kazi mkongeni ujana wake. Nikawaza kwamba huenda haukuwa wangu. Wazo hilo nilikaa nalo siku nzima, halafu nikaliacha, kwa sababu ni mimi niliyekuwa navuruga togwa.

Kabla ya hayo, siku ya tatu baada ya mkutano, nilikwenda Chanika. Nilimkuta dada uani anachambua mchele kwenye ungo, mama yake yuko ndani. Alikuwa amenenepa kidogo. Zile dawa zinamletea usingizi, alisema. Nilimweleza. Hakuacha kuchambua.

"Shemeji yako ameshanitumia salamu," akasema. "Anataka nirudi. Nilijiuliza kimembadilisha nini."

"Utarudi?"

"Kwa mtu aliyeamini picha ya paja kuliko mimi?" Akapepeta, makapi yakaruka. "Hapana. Mtoto nitamchukua. Yeye abaki na adhana yake."

Nikasema, "Nisamehe."

Akafikiri. Nilikuwa namjua, alikuwa anafikiri kweli. "Ule mnyoo sina neno nao," akasema. "Ni Mungu na umaskini wa maji. Lakini ulikuja kitandani ukaniambia una minyoo, nikakwambia afadhali. Ungeniambia pale pale. Ningecheka, nadhani. Sasa siwezi kucheka."

Tukakaa. Mama yake alitoka, nikamwamkia, akaitikia, akaniletea maji ya kunywa. Niliyanywa. Nikaaga.

Binti alipelekwa Chanika baada ya mavuno. Nilimwona dada mara nyingine nne tano, nilipokwenda Handeni mjini. Tulisalimiana, tukaulizana hali za nyumbani. Alikuwa anauza mboga mbele ya nyumba, na kwa miaka hakuanguka isipokuwa dawa zilipokosekana kwenye zahanati. Zilikosekana mara nyingi. Sisi tulihama kijiji. Mume wangu alipata kibarua Hale, kwenye mitambo ya umeme ya mto Pangani, baadaye akaajiriwa tukapewa chumba. Mama yangu alifariki kambini. Nguruwe sikula tena, si kwa kuapa, sikuitamani tu.

Habari ya kifo cha dada nilipewa Mkumbara, nilikokwenda kununua vitunguu. Mtu wa kijiji chetu cha zamani alinitambua, tukasalimiana, akasema, "Yule mwenzako wa Chanika, umesikia?" Alikuwa ameanguka kando ya lambo alfajiri, akienda kuchota maji, uso ukaingia kwenye maji yasiyofika magotini. Alikuwa ameshazikwa wiki mbili. Nikamshukuru kwa kunieleza. Nikachagua vitunguu vyangu, nikaondoa vilivyolainika.

Kesho yake nilikwenda Chanika. Mama yake alikuwa amezeeka sana, macho hayaoni vizuri. Nilimwambia mimi ni nani. Akanishika mkono, akauweka magotini mwake, akaacha pale. Nikauliza kama vidonge vilikuwepo.

"Vilikuwa vimekwisha. Walisema vinakuja kutoka Tanga."

Binti yake, sasa mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni, alitusogezea mkeka. Hakuniuliza kitu. Bibi akauliza kama mvua imenyesha Korogwe. Nikasema imenyesha kidogo, mahindi yamefika hapa, nikamwonyesha kwa mkono, kisha nikakumbuka haoni, nikasema yamefika kiunoni. Akasema huku bado. Tulizungumza mahindi mpaka adhana ya alasiri, nikaomba ruhusa, nikashuka barabarani kungoja gari.